Jinsi ya kufasiri neno "pledge" bila kumlisha mtu kiapo

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa fomu ya ukurasa mmoja niitie Kiswahili. Ilikuwa ya kuchangisha pesa za kuchimba kisima, na juu kabisa iliandikwa "Pledge Form". Nilikuwa na haraka. Nikafungua kamusi, nikakuta kiapo, ahadi, rehani na mengine, nikachukua lile lililonisikikia zito kuliko yote. Fomu ikachapwa: FOMU YA KIAPO.

Siku ya mkutano mzee mmoja aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaisoma, akanirudishia. "Mwanangu, elfu ishirini nitaleta tukishavuna. Lakini siapi." Wazee wenzake watatu nao wakazirudisha zao. Kisima hakikukosa pesa kwa ubahili wa watu, kilikosa kwa neno langu moja.

Tangu siku hiyo neno hili likija mezani kwangu nalipitisha kwenye hatua nitakazozieleza hapa. Ni kwa ajili ya yeyote anayefasiri fomu, barua, habari, ratiba ya kanisa au karatasi za uhamiaji, hata kama kazi hiyo si ya mshahara bali umeipewa kwa kuwa wewe ndiye "unayejua Kiingereza" kwenye familia.

Hatua ya kwanza: uliza kilichowekwa ni nini

Neno hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa katika zama za kati, na wakati huo halikuwa neno la maneno. Lilikuwa jina la mdhamini, yaani mtu anayesimama ili mwingine aaminiwe, na pia jina la kitu kinachoachwa mkononi mwa mkopeshaji mpaka deni lilipwe. Maana ya ahadi nzito, ambayo leo ndiyo tunayokutana nayo zaidi, ilikuja baadaye sana. Njiani likaokota na maana nyingine: kunyanyua glasi na kunywa kwa kumtakia mtu heri. Kisha karne ya 19 likaokota iliyo kinyume chake kabisa. Mwaka 1838 padre Theobald Mathew wa mji wa Cork, Ireland, alianza kuwaahidisha watu kuacha kabisa pombe, na hadi leo ukisoma kwenye hadithi ya Kiingereza kwamba fulani "took the pledge", ujue ameacha kunywa. Neno moja linanywesha na kuachisha.

Kwa hiyo kabla ya kamusi, jiulize: mtu huyu ameweka nini? Ameweka ulimi wake tu? Ameweka mali? Amejiweka yeye mwenyewe, au amemweka mtu mwingine? Au amemtaja Mungu? Ukishapata jibu, kazi kubwa imekwisha, kwa sababu Kiswahili kina jina la kila kimoja. Kiingereza ndicho kilichovitia vyote kapu moja.

Hatua ya pili: sikiliza kitenzi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, nami nitakaa hapa kidogo. Majina yetu ya ahadi yanafanana kwa mbali, lakini kila moja lina kitenzi chake, na kitenzi hakidanganyi.

Ahadi hutolewa au huwekwa, kisha hutimizwa au huvunjwa. Miadi huwekwa na watu wawili, kwa siku na saa. Mkataba hutiwa saini. Rehani huwekwa, halafu hukombolewa. Mtu aliye mahabusu huwekewa dhamana, akatoka. Nadhiri huwekwa, halafu *huondolewa*, na hapo ndipo wageni wa lugha wanapoangukia pua. Kuondoa nadhiri maana yake ni kuitimiza. Ukifasiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ukaandika kwamba mama fulani "ameifuta" nadhiri yake, umemfanya mwasi, na yeye kumbe amechinja mbuzi, amelisha watoto, roho yake imetulia.

Kiapo, hicho huliwa. Tunakula kiapo, tunakula yamini, na hakimu au kadhi "humlisha" mtu. Yamini kwa Kiarabu ni mkono wa kuume, ule unaonyanyuliwa au kuwekwa juu ya kitabu. Lakini kula kuna uzito wake. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza neno kiapo kuwa ni maneno ya kuapa na pia ni jaribio lenyewe, la moto au la dawa, alilopewa mtuhumiwa ili ijulikane kama anasema kweli. Kiapo kiliingia mwilini na mwongo kilimdhuru. Yule mzee wa kisima hakuwa anashindana na sarufi yangu. Alikuwa ameielewa kuliko mimi.

Basi fanya hivi: chukua jina unalotaka kulitumia, liunge na kitenzi chake, kisha itazame sentensi. "Mfanyabiashara amekula kiapo cha shilingi milioni mbili kwa ajili ya madawati." Unaona? Kitenzi kimegoma chenyewe. "Ameahidi shilingi milioni mbili" haina ubishi.

Hatua ya tatu: pesa za mchango ni ahadi, basi

Hapa huhitaji kubuni lolote, maana watu wameshajibunia. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anajua daftari lina safu mbili: ahadi na taslimu. Fulani, ahadi laki moja, taslimu elfu hamsini. Baadaye utasikia "amemalizia ahadi yake", au kwa sauti ya chini zaidi, "ameomba kupunguza ahadi". Makanisani mambo ni hayohayo. Usharika wa Kilutheri una bahasha za ahadi zenye namba ya msharika, na kila mtu anajua kwamba ahadi ya jengo ni kitu kimoja na sadaka ya Jumapili ni kingine. Kwa hiyo "pledge card" ni kadi ya ahadi, na "pledge form" ni fomu ya ahadi ya mchango. Usiongeze neno "kiapo", usiongeze "rasmi", usiongeze kitu.

Ugumu unaanza pesa zinapokuwa nyingi na waahidi wakiwa ni mataifa. Kwenye habari za misaada Kiingereza kina ngazi tatu: waliyoahidi, waliyojifunga kwayo kwa maandishi, na waliyoitoa kweli. Mwandishi mwenye haraka huzimimina zote kwenye kitenzi "kutoa", na hapo msomaji ameshadanganywa. Mfano mzuri ni wa mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, mwaka 2009. Nchi tajiri zilisema kufikia mwaka 2020 zitakuwa zinakusanya dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, kiwango hicho kilifikiwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mhariri ambaye mwaka 2009 angeandika "nchi tajiri zatoa dola bilioni 100" angekuwa ametangulia pesa kwa miaka 13. "Zaahidi" ingemtosha. Kwa ngazi ya pili napenda "zimesaini mkataba wa", kama kweli mkataba upo. Kama haupo, bakia kwenye ahadi.

Soma pia kilichoahidiwa chenyewe. Azimio la Abuja la Aprili 2001 hutajwa kila mwaka wa bajeti ya afya: marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti. Andiko lenyewe la Kiingereza linasema wameahidi *kuweka lengo* la kutenga walau asilimia 15. Ahadi ya lengo! Ukifasiri "waliahidi kutenga", umewabebesha mzigo ambao waliushika kwa kidole kimoja tu. Mfasiri mwaminifu huacha kidole hicho kionekane.

Hatua ya nne: kukiwa na mali, tazama nani anabaki nayo

Mtu akisema kwa Kiingereza ameweka gari lake "as a pledge", usikimbilie neno. Uliza gari limelala wapi usiku huo.

Likiwa limelala kwa mkopeshaji, hiyo ni rehani. Mtaani Tanzania watu husema bondi: "simu nimeiweka bondi", na maana yake simu huna, iko kwenye droo ya mtu mpaka ulete hela yake na faida juu. Neno hilo liandike kama msemaji ni kijana wa mtaani kwenye hadithi, lakini kwenye hati weka rehani. Rehani ni neno la zamani na la heshima, lina asili ya Kiarabu, na waislamu wanalikuta kwenye Sura ya Pili, aya ya 283, inayozungumza juu ya watu walio safarini wasiompata mwandishi wa kuandika deni: hapo zishikwe rehani, zikabidhiwe mkononi. Kukabidhiwa ndiyo roho ya neno.

Gari likiwa limelala kwako, ila kadi yake iko kwa mkopeshaji, wengi husema "nimeweka kadi ya gari", na hati zitasema dhamana ya mkopo. Kwa nyumba mambo yamechanganyika: nyumba haihami, mwenyewe anaendelea kulala ndani, bado tunasema "ameiweka nyumba rehani". Sipendekezi mtu apambane na mazoea hayo. Kwenye nyumba rehani imeshakaa, iache ikae.

Dhamana nayo ina mambo yake. Ni neno la mahakamani, mtuhumiwa anapoachiwa kwa kuwa amepata wadhamini. Ni la benki pia. Tena ni la maadili: kati ya zile ahadi kumi za mwana-TANU, ambazo watoto wengi wa Tanzania walizikariri shuleni, ipo isemayo "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Dhamana ya hapo ni kitu cha watu ulichoshikishwa, siku moja utakirudisha. Na tazama jambo jingine: zile kumi ziliitwa ahadi. Mwanachama alisema "nita" na "sita", na hilo lilitosha kuonekana zito. Mimi huutumia mfano huu kila mteja anaponiambia neno ahadi ni jepesi mno kwa andiko lake.

Amana usiichanganye humo. Amana ni kitu cha mwenzio ulichopewa ukitunze, na wala hudaiwi chochote.

Hatua ya tano: kiapo na nadhiri, kwa adabu zake

Sasa tumefika kwa Mungu na kwa dola. Hapa neno zito linaruhusiwa, ila si kila mahali.

Anza na Marekani, kwa kuwa Waswahili walio huko, Wakongo hasa, huniletea karatasi hizi. Asubuhi watoto shuleni husimama mbele ya bendera na kusema maneno yaliyoandikwa na Francis Bellamy mwaka 1892, ambayo yaliongezewa maneno ya kumtaja Mungu mwaka 1954. Hiyo ndiyo "Pledge of Allegiance". Mtu mzima anayepewa uraia hunyanyua mkono na kutamka maneno mengine kabisa, marefu, ya kukana utii kwa dola ya zamani. Hiyo ndiyo "Oath of Allegiance", nayo ndiyo inayomfanya kuwa raia. Nimeona karatasi ambamo vyote viwili vimefasiriwa "kiapo cha utii", na baba wa watu akabaki akijiuliza kwa nini mwanawe wa darasa la pili anaapishwa kila siku na yeye aapishwe mara moja. La bendera liite *ahadi ya utii*, la uraia liite *kiapo cha utii*. Na kama mzazi anaona uzito wa dini katika ile ya asubuhi, inafaa ajue kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1943 kuwa shule ya umma haiwezi kumlazimisha mtoto kuitamka.

Kuna Wakristo wasioapa kabisa. Yesu kwenye Mathayo sura ya 5 amekataza kuapa, akataka ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, na Marafiki, wale tunaowaita Wakweka, wameshika hivyo. Magharibi mwa Kenya wapo wengi, tangu misheni ya Kaimosi ilipoanza mwaka 1902. Sheria zimewawekea mlango wao, yaani *kuthibitisha* badala ya kuapa. Kwa hiyo ukikuta kwenye hati "swear or affirm", usiandike "kuapa au kuapa kwa dhati", kama nilivyowahi kuona. Andika "kuapa au kuthibitisha". Kuna mtu anayelihitaji hilo neno la pili.

Nadhiri ni ya Mungu peke yake. Aliyesaini ahadi ya shilingi kumi hakuweka nadhiri, wala serikali haiwekewi nadhiri. Watawa wa Kikatoliki huweka nadhiri za ufukara, useja na utii, kwanza za muda, baadaye za daima. Hana, mama yake Samweli, aliweka nadhiri akapata mtoto, akaiondoa kwa kumpeleka mtoto hekaluni. Bwana na bibi harusi je? Kiingereza kinatumia "vows" kwa wote wawili, mtawa na bibi harusi, lakini sisi hatusemi nadhiri za ndoa kirahisi hivyo. Wakatoliki wenyewe kwenye ibada husema "naahidi kuwa mwaminifu kwako", na watu wengi wakisimulia husema wamekula kiapo cha ndoa. Fuata ibada ya kanisa husika. Omba kitabu chao, usiwatungie.

Kwa Waislamu kumbuka tofauti yenye gharama: aliyeapa kwa Mungu kisha akavunja ana kafara, imetajwa Sura ya Tano, aya ya 89, kulisha maskini kumi, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Ukimwandikia mtu fomu ya kiapo kwa ajili ya jambo dogo la mchango, unamfungulia mlango wa kafara asioutaka. Ndiyo maana wengi wetu, tukiahidi, hutia "Inshallah" kati. Vijana wa mjini wameifanya njia ya kukataa kwa upole, lakini kwenye tafsiri iache kama ilivyo. Usiigeuze kuwa "huenda".

Hatua ya sita: pitia ndugu zake haraka

"Promise" ni ahadi, mchana kweupe. "Vow" ni nadhiri au kiapo, kama ulivyoona. "Swear" ni kuapa, ila likiwa la mtu aliyekasirika anayemfokea mwenzake ni kutukana, na nimewahi kusoma hadithi iliyofasiriwa ambamo dereva "alimwapia" mwenye baiskeli. "Guarantee" dukani ni garantii au waranti, benki ni dhamana, kwenye hotuba ni hakikisho. "Covenant" ni agano katika dini na sharti la mkataba katika sheria. "Undertake" ni kujifunga kufanya jambo.

"Commitment" ndilo linalonisumbua. Magazeti yameliozesha kwa "dhamira", na utasikia serikali ina dhamira ya dhati kila wiki. Dhamira iko moyoni, ahadi iko mdomoni. Kiongozi akisema kwa Kiingereza atajenga barabara kufikia mwaka fulani, wewe ukaandika ana dhamira ya kujenga, umemwondolea deni bila yeye kukuomba. Akiwa ametaja kitu na siku, andika ameahidi. Akiwa ameeleza nia tu, hapo dhamira ni yake halali.

Na "ahadi ni deni" itumie mteja akiiomba, lakini mkumbushe imeshabandikwa kwenye mabango mengi mno.

Hatua ya mwisho: mpe mtu asome, kisha muulize swali moja

Mtafute mtu ambaye hajaona Kiingereza chake. Mama lishe, fundi, shangazi, yeyote. Akimaliza kusoma muulize: "Huyu akishindwa, kinatokea nini?" Akijibu "atakuwa na aibu tu", umeandika ahadi. Akijibu "watachukua kitu chake", ni rehani au dhamana. Akisema "atapelekwa mahakamani", kuna mkataba au kiapo cha kisheria. Akinyamaza kidogo halafu akasema "hilo ni baina yake na Mungu", ni nadhiri. Linganisha jibu lake na kile andiko la Kiingereza linachokusudia. Vikipishana, neno libadilishwe, hata kama umelipenda.

Ile fomu ya kisima niliichapisha upya. Juu: AHADI YANGU YA MCHANGO. Chini yake mistari mitatu: "Ninaahidi shilingi", "Taslimu leo", na "Nitamalizia tarehe". Yule mzee aliomba kalamu, akaandika elfu ishirini kwenye mstari wa kwanza, akaruka wa pili, na kwenye wa tatu, mahali pa tarehe, akaandika: baada ya mavuno.